Treni Ilikuwa Ikifika Saa Mbili

“Treni ilikuwa ikifika saa mbili kamili asubuhi,” mzee akasema. “Nyinyi watoto mlikuwa mkijua saa kwa honi yake.”

Mkewe alikuwa amekaa mlangoni, ungo mapajani, akichagua maharagwe. Hakuinua kichwa. “Ilikuwa ikichelewa. Kila siku ilikuwa ikichelewa, na kila siku ulikuwa ukirudi hapa ukigomba.”

Tulikuwa Tororo, mashariki mwa Uganda, kwenye landhi moja ya zamani ya reli, yaani nyumba za wafanyakazi, Jumapili mchana, na lile jiwe kubwa la mji limesimama nyuma ya paa za mabati kama kawaida yake. Mzee alianza kazi ya kuunganisha mabehewa enzi za shirika moja la nchi tatu. Mimi nilizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwake. Baba yangu ni Japadhola, mama Msamia, jirani wa kushoto alikuwa Mjaluo wa Kisumu, wa kulia Mteso, kwa hiyo lugha ya uani ilikuwa Kiswahili. Mtu wa Unguja angekicheka, lakini ndicho nilichobembelezewa. Nilikwenda kuwaamkia wazee tu, nikarudi na jambo ambalo halijanitoka kichwani mpaka leo.

Jambo lenyewe ni la sarufi. Mume na mke walibishana juu ya treni ileile, wasipatane hata saa, lakini wote wawili walishika umbo lilelile la kitenzi: ilikuwa ikifika, ilikuwa ikichelewa. Hakuna aliyesema “ilifika”. Treni iliyofika ni moja, ya tarehe fulani, ina dereva wake, na ukitaka unaweza kwenda kuitafuta kwenye daftari la stesheni kama panya hawajalimaliza. Treni iliyokuwa ikifika haimo kwenye daftari lolote. Ni treni mamia zilizokandwa zikawa donge moja, na katika kukandwa huko zile zilizochelewa zikachujwa. Kwa mkewe zilichujwa zile zilizowahi.

Hamu ya zamani makao yake ni hapo, ndani ya hiyo -ki-. Msikilize mtu yeyote anayelilia ya kale. Tulikuwa tukilala milango wazi. Jirani alikuwa akipika, nasi tukila. Walimu walikuwa wakiheshimiwa. Hata redio zetu zinajua mchezo huu. Kipindi cha nyimbo za zamani kinaitwa Zilipendwa, na neno lenyewe halisemi zilipendwa na nani, wala kama aliyezipenda alikuwa na hela ya kuingia dansini au alizisikia kwa nje, ameegemea ukuta.

Riwaya haiwezi kukaa humo muda mrefu. Inataka “siku moja”. Kila siku tulikuwa tukipita njia ile; siku moja tukamkuta mtu amelala katikati yake. Hapo ndipo msomaji anapojiweka sawa kwenye kiti. Na hapo ndipo ninapomtambua mwandishi anayejua anachokifanya na yule anayejiliwaza. Wa pili anajaza kurasa hamsini kwa “tulikuwa tuki-”, halafu “siku moja” yake inakuja kama bahati mbaya iliyotoka nje, ikaivunja zamani nzuri isiyo na kosa. Wa kwanza anakuonyesha kwamba siku hiyo ilikuwa tayari imo ndani ya zile kila siku, inapikwa polepole, na waliokuwa wakifurahi walikuwa wakisikia harufu yake wakaamua kufunga madirisha.

Uganda hatuna uhaba wa siku moja. Mei 24, 1966 jeshi lilivamia Lubiri, kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, na Kabaka Mutesa wa Pili akatoroka kwenda uhamishoni. Januari 25, 1971 Idi Amin akapindua serikali. Agosti 1972 akawapa Waasia siku 90 za kuondoka. Kwa watu wa landhi iko nyingine ambayo haisherehekewi wala haiombolezwi popote: mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, reli ikakatwa vipande vitatu, na Mjaluo wetu wa kushoto akafunga godoro akavuka mpaka wa Malaba. Mzee akifika hapo katika masimulizi yake hubadili kitenzi bila kujua. “Siku moja wakatuambia...” kisha hunyamaza, akaitafuta miwani yake ambayo ameivaa.

Watu wa Buganda, katika Kiganda chao, wana wakati uliopita wa aina mbili, na nawaonea wivu. *Nalabye* ni niliona, jana au leo asubuhi, jambo lingali bichi. *Nalaba* ni niliona vilevile, ila zamani. Mtu hawezi kufungua kinywa kusimulia bila kwanza kuamua jambo liko umbali gani. Sisi wa Kiswahili tuna -li- moja. Nilikunywa chai asubuhi. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844. Chai na msafara vinakaa kwenye benchi moja. Mwandishi wa Kiswahili akitaka kupima umbali lazima atafute namna nyingine, na mara nyingi namna iliyo karibu ni kupaka zamani rangi ya dhahabu ili msomaji ajue kuwa ni zamani.

Mwandishi Mganda Jennifer Nansubuga Makumbi aliiandika riwaya yake *Kintu* kwa Kiingereza, lugha ambayo nayo haina mizani ya Kiganda, lakini naona ameirudisha mizani hiyo katika mpangilio wa riwaya yenyewe. Tunaanza Bwaise, mtaa wa Kampala, Januari 2004, kijana aitwaye Kamu anauawa na umati unaomwita mwizi. Damu haijakauka, tumekwishatupwa mwaka 1750, pamoja na Kintu Kidda, Ppookino, yaani mtawala wa jimbo la Buddu, aliye safarini kwenda kumtii kabaka mpya. Katika safari hiyo anampiga mwanawe wa kulea kofi moja, mtoto anakufa, na ukoo mzima unarithi kofi hilo. Miaka ya ukoloni, ile ambayo tumezoea kuiona ndiyo mlango wa kila habari ya Afrika, riwaya inairuka karibu yote.

Wengi wameisifu kwa kuturudishia zamani yetu kabla ya Mzungu. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya sifa. Tazama zamani yenyewe anavyoichora. Kintu Kidda ni mtawala mwenye wake wengi, na badala ya kujifaragua anachoka. Zamu za nyumba kwa nyumba zimemwelemea. Makumbi ameichukua “alikuwa aki-” ya kawaida, ile ambayo mwandishi mwingine angeifanya fahari ya utamaduni, akaifanya ratiba ya kazi. Kofi linapotua, halitui juu ya pepo. Ndiyo maana riwaya hii haina machozi ya kuililia zamani. Zamani ndiyo inayowafuata walio hai na deni mkononi. Wahenga wamesema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ukoo wa Kintu ungewajibu kwamba ndwele ni hayo hayo yaliyopita, na dawa ya yajayo hawajaiona.

Sasa nije kwetu sisi tunaoandika Kiswahili upande huu wa Malaba.

Mwandishi wa pwani akitaka kuamsha hamu ya zamani, nusu ya kazi ameshafanyiwa na lugha. Akisema udi, baraza, kahawa chungu, tanga la jahazi, msomaji amekwishafika. Huku kwetu maneno yamepita njia nyingine. Chukua *panda gari*. Msomaji wa Tanga akiyaona maneno hayo anafikiria safari. Msomaji wa Kampala mwenye miaka sitini anakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtaa umezingirwa alfajiri, wanaume wanapandishwa malori, na wake zao wanabaki kuhesabu nani karudi. Kwake panda gari ni nomino, tena ni jina la msiba. Au chukua *mafuta mingi*, jina tulilowapa waliotajirika ghafla walipogawiwa maduka ya Waasia. Mingi, si mengi. Mwalimu wa sarufi angepiga mstari mwekundu, na mimi namwomba aiweke kalamu chini, kwa sababu kosa hilo limebeba habari: linakuambia ni watu gani walilitamka, sokoni, kwenye foleni ya sukari isiyokuwepo.

Kwa hiyo nawaelewa Waganda wa umri wa wazazi wangu wanaokunja uso wakisikia Kiswahili. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na kabla yake kilikuwa tayari lugha ya kambi. Katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, baraza la mawaziri likaidhinisha mwaka 2022 kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini karatasi haifuti sauti ya mtu mwenye bunduki kizuizini. Rafiki yangu mmoja, mshairi wa Kiganda, hunitania kwamba kuandika mapenzi kwa Kiswahili jijini Kampala ni kama kumposa msichana kwa barua ya wito wa polisi.

Ninacheka, halafu nakumbuka kitenzi kimoja. Nilikuwa na miaka sita au saba, tuko kwenye basi na mama, tukasimamishwa kizuizini. “Lala! Wote lala chini!” Tukalala kwenye majani, uso kwenye umande, sijui kwa muda gani. Usiku ule, nyumbani, mama akanifunika blanketi akasema kwa sauti yake ya kila siku, “Lala, mwanangu.” Neno ni lilelile, silabi mbili. Sikulala. Nilikaa nikilisikiliza neno likigeuka huku na huku kama sarafu.

Hapo ndipo ninapoachana na mshairi wangu. Kiswahili cha Uganda kina watoto wake: wa landhi, wa kambi za polisi, wa Wanubi wa Bombo, wa masoko ya Busia. Kwetu hakikuja na bunduki peke yake, kilikuja pia na uji. Mwandishi wa huku akiandika “lala” tu, msomaji wetu anasikia sauti mbili kwa pamoja bila kuambiwa. Mwandishi wa pwani, pamoja na udi wake wote, hana kitu hicho. Kama kuna hamu ya zamani inayoweza kuandikwa kwa Kiswahili nchini Uganda bila kudanganya, ni ile inayoanzia kwenye neno la namna hiyo, linalotamanika na kutisha kwa wakati mmoja.

Kosa la kudhani kwamba kila anayetetea ya kale anaililia zamani liko hata kwa wahakiki wakubwa. Okot p’Bitek, mshairi wa Uganda, alichapisha *Song of Lawino* mwaka 1966, na Kiswahili chake kipo, *Wimbo wa Lawino*. Ni shairi refu, si riwaya, lakini nani atalitoa kwenye mazungumzo haya? Humo mna sehemu Lawino anapoteta na saa ya mumewe. Ocol anataka kila kitu kwa dakika. Lawino haijui saa hiyo, anajua jogoo, jua, na mtoto anayelia akitaka ziwa. Tumefundishwa shuleni kwamba huyu ni mwanamke wa zamani anayeomboleza zamani. Nimeisoma tena sehemu hiyo na sikubali. Lawino hasemi mtoto alikuwa akinyonyeshwa. Anasema, kwa Kiswahili chetu, mtoto akilia hunyonyeshwa. Hu-, si -ki-. Kwake hayo ni maisha ya leo, sufuria iko jikoni, mtoto yuko kifuani. Aliyeyageuza kuwa “zamani” ni Ocol, na aliyageuza akiwa amesimama humo humo ndani. Kumwambia mtu aliye hai kwamba mambo yake ni ya kale ni njia ya kumfukuza bila kumgusa.

Kuhusu saa hiyo hiyo, tazama ukutani. Stesheni yetu ilikuwa na saa ya Kiingereza, mshale ukionyesha nane. Kila mtu pale, kuanzia karani mpaka muuza ndizi, akiitazama akisema saa mbili. Waganda nao husema *ssaawa bbiri*. Mbili, kwenye uso wa saa, iko upande wa pili kabisa wa nane. Tumekua tukisoma wakati kwa kutazama mahali ambapo mshale haupo, wala hatukuona ajabu. Nikiulizwa riwaya ya zamani isomwe vipi, nitajibu ndivyo hivyo. Mwandishi akinyoosha mshale kwenye bustani, mimi hutazama ng’ambo yake: nani anaimwagilia maji?

Swali hilo Abdulrazak Gurnah amelijibu vizuri katika *Paradise* ya mwaka 1994, ambayo sasa tunaweza kuisoma kwa Kiswahili kama *Peponi*. Bustani ya tajiri Aziz, yenye ukuta na maji yanayotiririka, ni kila kitu ambacho hamu ya pwani ya kale ingeomba. Yusuf anaipenda. Lakini Yusuf yuko pale kwa sababu baba yake amemweka rehani ya deni, kwa mtu ambaye mtoto alifundishwa kumwita kwa jina la udugu. Uzuri haukanushwi hata mara moja, na hapo ndipo ukali wa riwaya ulipo. Bustani ni nzuri kweli, na ni jela.

Masimulizi mengi ya waliofukuzwa 1972, yaliyoandikwa huko Uingereza na Kanada, hayafiki hapo, ingawa nayaheshimu, maana aliyenyang’anywa nyumba ana haki ya kuikumbuka kwa namna yake. Mwembe upo, veranda ipo, na mpishi yupo pia, anaitwa kwa jina moja tu, anaambiwa “lete chai” kwa kile Kiswahili cha jikoni. Nasubiri riwaya ya mpishi. Na sisi tusijisafishe haraka: nasubiri vilevile riwaya ya mtoto wa mafuta mingi, aliyekulia kwenye nyumba ya watu, akichezea midoli ya mtoto mwingine, akiambiwa ni yake. Huyo naye leo ana miaka zaidi ya hamsini na bila shaka kuna kitu anakitamani. Atakiandikaje?

Mwaka jana niliombwa kuwa mmoja wa majaji watatu wa shindano la hadithi fupi za Kiswahili katika shule moja ya sekondari. Hadithi arobaini na moja. Nusu yake, na sitii chumvi, zilianza na bibi kando ya moto, mbalamwezi, paukwa pakawa. Waandishi wake wamezaliwa baada ya 2005, wengi wao kwenye nyumba za kupanga za Kampala, na bibi zao wako WhatsApp. Walikuwa wakitamani zamani ya kuazima, kwa sababu walimu tumewafundisha kwamba zamani inafanana hivyo. Niliona aibu kidogo; nami nimeshawahi kuandika bibi wa namna hiyo, na bibi yangu halisi alikuwa akiuza waragi, pombe kali, na hakuwa na subira ya hadithi.

Cha ajabu, watoto hao wana zamani yao wenyewe, tena kubwa. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 10, 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Miaka karibu miwili ya utoto. Kati ya hadithi arobaini na moja, iliyoigusa ilikuwa moja.

Msichana wa kidato cha tatu. Hadithi yake inakwenda hivi: shule zimefungwa, yeye na mama yake wanaamka saa kumi usiku kukanda unga. Alikuwa akikanda, mama akikaanga. Walikuwa wakibeba beseni pamoja, kila mmoja mshikio wake, mpaka kwenye kituo cha bodaboda, na njiani mama alikuwa akimsimulia mambo ambayo hakuwahi kumsimulia: kwamba aliwahi kutoroka nyumbani, kwamba kabla ya baba kulikuwa na mtu mwingine. Kurasa tatu za “alikuwa aki-”, mafuta yakichemka. Mwalimu yeyote angesema huyu mtoto amepoteza miaka miwili ya masomo, na hadithi haikatai. Kuna mahali anajaribu kukokotoa hesabu ya sehemu kwenye gazeti la kufungia maandazi na anagundua amesahau njia.

Kisha: “Siku moja redio ikasema shule zinafunguliwa.” Ndiyo siku moja ya pekee katika zile arobaini na moja iliyoleta habari njema, na ndiyo iliyoniuma. Anavaa shati la sare la mwaka 2020. Mikono ya shati inaishia karibu na viwiko. Mama anaitazama, anacheka, halafu anaacha kucheka. Asubuhi hiyo beseni analibeba mama peke yake, mikono yote miwili, na msichana anatembea nyuma yake mpaka njia panda, hajui alishike wapi.

Hadithi inaishia hapo. Jaji mwenzangu, mwalimu wa miaka mingi na mtu mwema, alimpunguzia alama kumi kwa sababu, alivyoandika pembeni kwa wino wa bluu, “haina mafunzo”. Nilibishana mpaka chai ikapoa. Alikuwa wa tatu.